Jarida la Walio Mbali: Bei ya Kulichapa na Bei ya Kulifikisha

Ukiingia kwa mchapaji wa Kirinyaga Road au River Road jijini Nairobi na kuuliza jarida ni pesa ngapi, atakujibu kwa swali: nakala ngapi? Mwambie mia tatu, naye atakushauri kwa moyo mweupe: "Mkubwa, fanya elfu moja, nitakushushia." Hakudanganyi. Bei ya kila nakala itashuka kweli. Lakini mtu anayeanzisha jarida dogo la watu walioondoka nyumbani na jamaa waliobaki, akilikubali shauri hilo bila kupiga hesabu nyingine, pesa zake zitalala kwenye maboksi chini ya kitanda kule Makongeni, Thika, na toleo la pili halitatoka.

Makala haya ni ya wale walioko Thika na Ruiru wanaotaka kuchapa jarida la namna hiyo: hadithi, picha, mahojiano, mashairi na kumbukumbu za Wakenya wa ng'ambo na za nyumbani kwao. Nitalinganisha njia za kulichapa na za kulifikisha. Hoja yangu ni kwamba bei ya kulinganisha si ile inayotajwa mlangoni kwa mchapaji, bali ni ya nakala ikiwa tayari mkononi mwa msomaji, awe Kimbo, Ruiru, au Lowell, Massachusetts. Uzito na idadi ya kurasa nitakazotaja ni hesabu halisi. Shilingi za uchapaji na mauzo ni za mfano tu, nimezichagua ziwe rahisi kufuatwa. Wewe weka za kwotesheni zako.

Haja ipo. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 490,120 Ruiru, ikawa ya nne kwa ukubwa kati ya miji ya Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru. Nyumba nyingi za huku zimejengwa kwa pesa zilizotumwa na mtu aliyeko zamu ya usiku katika nchi nyingine. Mwaka 2024 Wakenya wa ng'ambo walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 kwa takwimu za Benki Kuu, na sehemu kubwa ilitoka Marekani. Pesa hizo tunazihesabu kila mwezi. Maisha ya wanaozituma hatujayaandika kwa kadiri hiyo. Jina la Thika lenyewe lilisambaa duniani kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, kumbukumbu za binti wa walowezi. Wenyeji wa hapa bado hawana rafu yao ya kutosha.

Njia yenyewe si ngeni. Muigwithania, jarida la Kikuyu lililohaririwa na Jomo Kenyatta kuanzia 1928, lilichapwa Nairobi kwa mitambo ya Sitaram Achariar, Mhindi aliyekuwa na gazeti lake mwenyewe. Mwaka uliofuata mhariri huyo alipanda meli kwenda London, akawa naye mtu wa mbali. Mwaka 1994 Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru katika Kiambu hiihii, alianzisha Mũtiiri akiwa Marekani, jarida la fasihi na utamaduni kwa Kikuyu. Na hapo Nairobi, jarida la AwaaZ la Zarina Patel na Zahid Rajan limewaandikia Wakenya wenye asili ya Asia Kusini historia ambayo haikuwa ikipatikana kwa urahisi kwingine. Hakuna hata moja kati ya haya lililosubiri kampuni kubwa.

Anza na karatasi

Ukubwa wa jarida huamua bei kabla ya kitu kingine chochote. Karatasi ya A2 inayoingia kwenye mashine ya ofseti hubeba kurasa nane za A5 upande mmoja na nane upande wa pili. Ikikunjwa, inatoa kurasa 16. Kwa hiyo jarida la A5 lenye kurasa 48 ni karatasi tatu kamili bila mabaki. Ukisema uongeze shairi moja na mahojiano mafupi zikawa kurasa 52, umeilazimisha mashine kuvuta karatasi ya nne kwa ajili ya kurasa nne tu. Mhariri anayejua hesabu hii humwambia mwandishi apunguze maneno mia mbili, naye hana haja ya kuomba radhi.

Rangi ina hesabu yake. Kila wino kwa kila upande wa karatasi unahitaji pleti yake, yaani bamba la kuchapia. Kurasa 48 kwa wino mweusi peke yake ni pleti sita. Kwa rangi kamili, yaani wino nne, ni pleti 24. Ipo njia ya kati ambayo naipenda sana: karatasi mbili ziwe nyeusi na moja iwe ya rangi, jumla pleti 12. Jarida likibanwa kwa pini katikati, karatasi ya ndani kabisa hubeba ukurasa wa 17 hadi wa 32, hivyo unapata kurasa 16 za picha za rangi zikifuatana moyoni mwa jarida. Harusi ya Dallas, shamba la mananasi, nyanya na mjukuu walioonana kwa simu pekee miaka sita, wote wanakaa hapo.

Sasa uzito, jambo ambalo watu hulikumbuka wakiwa tayari kwenye dirisha la posta. Karatasi ya A4 ya bondi ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu tano, na ya A5 nusu ya hiyo. Kurasa 48 za A5 ni karatasi 24, yaani gramu 60. Jalada la karatasi nzito ya gramu 250 linaongeza karibu gramu 16. Jumla ni gramu 76, na bahasha ikiongezwa hufika kama 88. Chukua kurasa hizohizo 48 kwa ukubwa wa A4 na karatasi ya kung'aa ya gramu 130: za ndani zina gramu 195, jalada 31, na pamoja na bahasha unakaribia 250. Ni maandishi yaleyale, uzito karibu mara tatu.

Tofauti hiyo ni pesa, kwa sababu posta hupandisha bei kwa ngazi. Kwa Royal Mail ya Uingereza, kitu chenye uzito usiozidi gramu 100, unene usiozidi milimita 5 na ukubwa usiopita milimita 240 kwa 165 ni barua ya kawaida. A5 yetu ya kurasa 48 ina unene wa kama milimita tatu na inaingia kwenye bahasha ya C5. Inasafiri kwa bei ya barua. Ile A4 ni barua kubwa, na gramu chache zikizidi 250 inapanda ngazi nyingine tena. Anayetaka jarida la A4 linalong'aa kama la ndege aende kwa mchapaji akijua kwamba anachagua pia stempu ghali zaidi kwa kila msomaji, kila toleo, kwa maisha yote ya jarida.

Mashine tatu

Njia ya kwanza ni dijitali, ile ya maduka ya uchapaji na saiba zilizo katikati ya Thika na kando ya barabara Ruiru. Haina pleti. Unapeleka faili, unachapa nakala kumi au mia, na bei ya kila moja ni karibu ileile. Ya pili ni ofseti: gharama kubwa ya kuandaa pleti na mashine, kisha kila nakala inayoongezeka ni rahisi.

Tuseme dijitali ni shilingi 300 kwa nakala, na ofseti ya wino mweusi yenye jalada la rangi ni shilingi 30,000 za maandalizi pamoja na 90 kwa kila nakala. Gawa 30,000 kwa 210, ambayo ni tofauti ya bei za nakala, upate 143. Chini ya hapo dijitali ni nafuu, juu yake ofseti. Nakala 300 kwa dijitali ni 90,000, na kwa ofseti 57,000, yaani 190 kila moja. Nakala 1,000 kwa ofseti ni 120,000, na kila moja inakuwa 120.

Hizo 120 ndizo mtego. Jarida jipya ambalo halijulikani likiuza nakala 300 kati ya 1,000, umetumia 120,000 kupata wasomaji 300. Kila nakala iliyosomwa imekugharimu 400, zaidi ya mara mbili ya yule aliyechapa 300 akaziuza zote. Nimeona maboksi ya namna hiyo katika nyumba za watu wenye nia njema kabisa, karatasi ikianza kuwa ya manjano, na huwa nahuzunika kwa sababu pesa hizo zingetosha toleo la pili. Kwa hiyo nakushauri uchape pungufu. Zikiisha na watu wakiwa bado wanaulizia, dijitali ipo kwa nakala hamsini za ziada.

Njia ya tatu iko shuleni. Shule nyingi nchini zina mashine ya Riso ya kuchapa mitihani, na wakati wa likizo huwa imetulia. Mwenye shule binafsi au kanisa lenye mashine hiyo anaweza kukubali umlipie wino, masta na matumizi, nawe ulete karatasi. A5 ya kurasa 48 ni karatasi 12 za A4 zilizokunjwa. Nakala 300 ni karatasi 3,600, yaani rimu saba na kidogo. Nunua nane, kwa sababu zitaharibika kadhaa. Wino wa Riso haukauki vizuri kwenye karatasi ya kung'aa, kwa hiyo kaa na bondi. Picha zitatoka na chembechembe, na kupanga kurasa, kukunja na kubana ni kazi ya mikono: tafuta stepla ya mkono mrefu na vijana wanane kwa Jumamosi moja. Jalada la rangi unalichapa kwa dijitali. Kwa toleo la majaribio lenye mashairi na hadithi bila picha nyingi, sioni njia bora kwa mwenye mfuko mdogo. Jarida la picha lisipitie huko.

Ofseti kubwa nyingi ziko Industrial Area ya Nairobi, nazo kazi ya nakala 300 huiweka nyuma ya kalenda na vitabu vya shule. River Road na Kirinyaga Road wanaipokea kwa furaha, ila wengi wanaokaa kwenye vibanda hivyo ni mabroka: hawana mashine, wanaipeleka kazi kwa mwenye nayo na kuongeza chao. Broka mzuri anajua nani hukata kingo sawasawa na nani hupaka gundi inayoachia. Lakini uliza kazi itachapwa wapi, na uombe kwenda kuona. Kutoka Thika ni kilomita arobaini na kitu, Ruiru ni karibu zaidi, na tangu barabara kuu ya Thika ifunguliwe rasmi 2012 safari yenyewe si tatizo isipokuwa jioni. Kinachokula pesa ni safari za kurudi kwa sababu prufu haikuwa tayari. Mchapaji wa Ruiru aliye ghali kwa asilimia kumi, lakini unayeweza kumfikia saa kumi jioni ukamwonyesha kwamba ukurasa wa 31 umepinduka, mara nyingi ndiye rahisi.

Kwotesheni iwe ya maandishi, itaje ukubwa, kurasa, uzito wa karatasi ya ndani na ya jalada, idadi ya wino, aina ya kubana, kukata kingo, usafirishaji, siku za kazi, na kama VAT ya asilimia 16 imo ndani. Neno hilo la mwisho hubadilisha kila kitu: 57,000 inakuwa 66,120, na jarida dogo ambalo mauzo yake hayajafika milioni tano kwa mwaka halilazimiki kujisajili kwa VAT, kwa hiyo halina pa kuidai kodi hiyo. Dai pia ankara ya kielektroniki ya eTIMS, maana tangu Januari 2024 matumizi yasiyo na ankara hiyo hayakubaliwi na KRA kama gharama za biashara. Na uulize kwotesheni inadumu siku ngapi. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper, Webuye, kilifungwa 2009, na ijapokuwa kilifufuliwa baadaye chini ya kampuni ya Rai, karatasi nzuri ya kuchapia majarida kwa kiasi kikubwa bado inashuka Mombasa kwa meli na bei yake inakwenda na dola.

Kulifikisha

Kwa walio nyumbani, matatu hufanya kazi nzuri: bahasha kwenye steji ya Thika asubuhi, mpokeaji yuko Nairobi kabla ya chakula cha mchana. Ugumu ni ng'ambo, na hapa pana njia nne za kulinganisha.

Posta kutoka Thika, nakala moja moja kwa kila anwani, inampa msomaji raha ya stempu ya Kenya. Ni njia nzuri kwa wasomaji ishirini waliotawanyika nchi kumi. Kwa wasomaji mia moja wa mji mmoja ni kupoteza pesa.

Njia ya pili ni sanduku la mtu anayesafiri. Tikiti nyingi za Marekani na Ulaya zinaruhusu sanduku la kilo 23. Toa kilo tatu za sanduku lenyewe, zinabaki 20: ni zaidi ya nakala 260 za A5 yetu ya gramu 76, au nakala chini ya 90 za ile A4 inayong'aa. Hakuna anayekupa sanduku zima, bila shaka, kwa kuwa mama naye ametuma unga na majani chai. Lakini kilo nne ni nakala hamsini, na kutoka Ruiru mtu hukata Eastern Bypass moja kwa moja hadi upande wa uwanja wa ndege. Akifika, nakala zinapelekwa mahali watu hukutana, kwa kawaida kanisani, au zinagawanywa kwa posta ya huko. Kwa Marekani kumbuka kwamba Media Mail, huduma nafuu ya USPS ya kutuma vitabu, haipokei machapisho yenye matangazo ya biashara. Uamuzi wa kuweka tangazo la ukurasa mmoja Thika unaweza kukufungia mlango wa posta Boston.

Ya tatu, ambayo kwa jarida lenye wasomaji wengi nje naiona bora, ni kuchapa kulekule. Faili haina uzito. Newspaper Club ya Glasgow huchapa magazeti hata nakala chache sana. Mixam hupokea kazi ndogo za majarida Uingereza na Marekani. Lulu huchapa kwa agizo, nakala moja ikihitajika. Bei ya kila nakala ni ya juu kuliko ya Ruiru, na mtu akiziweka kwotesheni mbili sambamba atashtuka. Ongeza sasa posta ya kimataifa upande wa Ruiru, nakala zitakazopotea njiani na wiki za kusubiri, kisha linganisha upya. Mara nyingi nakala iliyochapwa Uingereza na kutumwa kwa bei ya barua inamfikia msomaji wa Leicester kwa gharama ndogo kuliko iliyochapwa Thika. Mpango ninaoupendekeza ni nakala 300 kwa ofseti huku kwa ajili ya nyumbani na masanduku, na nakala chache kule kwa wanachama wa kule, zote kutoka faili moja ya kurasa 48.

Ya nne ni PDF, na ni ya lazima kwa kundi moja ambalo majarida ya utamaduni hulisahau. Wanawake na wanaume wa Kiambu walioko Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu, hasa wa kazi za nyumbani, wengi hawana anwani yao. Barua ikifika hupitia kwa mwajiri. Kuwatumia jarida lenye hadithi ya mfanyakazi aliyenyimwa mshahara ni kuwaweka hatarini. Wapewe PDF nyepesi ya WhatsApp, bila malipo, isiyozidi megabaiti kumi ili isimalize bando. Na wakiandika, waandike bila jina wakitaka, bila jina la mji na bila picha inayoonyesha jengo. Jarida linalowaacha hawa nje kwa sababu hawana sanduku la posta halijawa jarida la walio mbali.

Gharama zisizo za karatasi

Bajeti nyingi nilizoonyeshwa zina mstari wa uchapaji, wa jalada na wa uzinduzi, halafu waandishi wanakuwa "watajitolea". Sikubaliani. Mtu anayelea wazee usiku kucha Minnesota, akarudi na kuandika kurasa sita kuhusu baba aliyemzika kwa njia ya video, apewe kitu, hata shilingi 3,000 kwa M-Pesa ya dada yake. Waandishi wanane ni 24,000. Ukikosa hizo, punguza rangi.

Msanifu wa kurasa naye alipwe, na umjaribu kwanza kwa herufi. Jarida la Kiambu litakuwa na Kikuyu ndani, na fonti nyingi za kupakua bure hazina ĩ wala ũ. Matokeo ni visanduku vitupu katikati ya neno, au kompyuta inabadilisha herufi hiyo moja kwa fonti nyingine na ukurasa unaonekana kama una ndui. Chapa sentensi tatu zenye herufi hizo kabla ya kuchagua fonti, na PDF ya mwisho iwe imefungiwa fonti zake ndani. Kuchapa kila makala kwa lugha mbili hufanya kurasa 48 kuwa 96. Afadhali kila makala ikae katika lugha iliyozaliwa nayo, iwe Kikuyu, Kiswahili au Kiingereza, na muhtasari wa aya moja umsaidie mjukuu aliyezaliwa Texas.

Picha ziombwe mapema. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa, mara nyingi hadi karibu pikseli 1,600 upande mrefu, ambazo kwa uchapaji mzuri wa nukta 300 kwa inchi ni sentimita 13 na nusu. Haitoshi hata kujaza upana wa A5. Mwambie aliyepiga aitume kama faili, au kwa baruapepe.

Kisheria, jina la biashara linasajiliwa kupitia eCitizen, na kibali ni cha Kaunti ya Kiambu. Kisha kuna Sheria ya Vitabu na Magazeti, Sura ya 111, inayohusu kusajili magazeti, kuwasilisha nakala kwa Msajili na kuweka dhamana. Mwaka 2002 Bunge lilipandisha dhamana hiyo kutoka shilingi 10,000 hadi milioni moja, wakati vijarida vya mitaani vilipokuwa vikiwasumbua wakubwa. Fika kwa Msajili kabla ya toleo la kwanza uonyeshe unachochapa na mara ngapi kwa mwaka. Jarida la fasihi la Kwani?, lililoanza 2003 chini ya Binyavanga Wainaina, lilitoka nene kama kitabu na kuuzwa kama kitabu. Hilo ni umbo la kufikiria kwa jarida linalotoka mara moja au mbili kwa mwaka.

Nani analipa

Weka yote pamoja kwa nakala 300: uchapaji na kodi 66,120, waandishi 24,000, msanifu 20,000, usafirishaji wa ndani 15,000. Jumla 125,120, yaani kama shilingi 417 kwa nakala. Ukiiuza 500 moja kwa moja kwa msomaji na zote zikaisha, unapata 150,000 na kubaki na karibu 25,000. Lakini duka la vitabu kwa kawaida huchukua asilimia thelathini hadi arobaini. Chukua 35: kwa kila nakala unabaki na 325. Nusu zikipita dukani na nusu mkononi, mapato ni 123,750. Umeuza kila nakala na umepata hasara ya 1,370. Duka ni zuri kwa kuonekana, si kwa kulipia uchapaji. Peleka nakala thelathini huko, nyingine ziuzwe kwa wanachama, kwenye harusi, mikutano ya chama, siku ya mahafali Mount Kenya University.

Mfadhili? Transition, iliyoanzishwa Kampala na Rajat Neogy 1961, lilikuwa jarida bora la Afrika la wakati wake, na lilitikisika vibaya ilipofichuka kwamba Congress for Cultural Freedom, iliyokuwa ikilisaidia, ilipata fedha za CIA. Kwani? ilitegemea sana misaada ya Ford Foundation, na kazi iliyotoka humo naiheshimu. Ruzuku ichukuliwe kwa kitu chenye mwisho, kama toleo maalumu au warsha ya waandishi. Gharama ya kila toleo ilipwe na wasomaji.

Watangazaji wa kwanza kubisha hodi watakuwa wauza ploti. Wanajua mtu wa ng'ambo ana dola na hana muda wa kuja kuona mawe ya mpaka. Ukurasa wao mmoja unaweza kulipa waandishi wote wanane. Mimi ningewadai matokeo ya upekuzi wa hati kutoka ofisi ya ardhi kwa kila shamba wanalotangaza, na asiyeleta nisingemchapia tangazo. Msomaji wa Leicester anaponunua hewa kwa sababu aliiona kwenye jarida la kwao, hakuna toleo lijalo litakalomrudisha.

Kwa hiyo pesa za kuanzia zitoke kwa uanachama wa kulipwa kabla ya pleti. Wanachama 100 wa ng'ambo wakilipa 1,500 kwa matoleo mawili, posta au nakala ya kwao ikilipiwa kando, una 150,000 mkononi: toleo la kwanza limelipwa na la pili limeanza. Fungua Paybill ya jarida, si namba ya simu ya mhariri, na hesabu zitumwe kwa wanachama wote kila toleo. Watangazie na tarehe: ikifika siku hiyo wanachama hawajatimia mia, kila mmoja anarudishiwa pesa yake, na orodha ya waliorudishiwa inaonyeshwa.